Nukta Tatu ya Mtoto

Kanuni niliyopewa ni fupi, inaenea kiganjani:
hesabu nyumba, zidisha kwa mbili nukta tatu,
hao ndio watoto wa shule.
Nina fomu za halmashauri, kalamu mbili, penseli,
na buti za kuazima zinazonibana kidole gumba.
Mradi unaitwa Mikorosho Mipya,
ingawa mikorosho ndiyo iliyong'olewa kwanza;
visiki vimelala kando ya njia ya Mangamba
vikimsubiri mchoma mkaa.

Viwanja mia sita na arobaini.
Bikoni zimechomoza mchangani
kama meno ya mtoto wa miezi saba.
Huku nyumba haijengwi kwa mkopo, hujengwa kwa msimu:
mnada ukitoa bei nzuri Oktoba, Novemba kuta zinapanda;
bei ikianguka, ukuta husimama usawa wa dirisha,
popo wakahamia.
Fomu haina safu ya bei ya korosho.
Nimeiandika pembeni, kwa penseli.

Mwalimu Hokororo ananipokea akiwa wima,
kiti chake kimekwenda darasa la tatu.
"Darasa la kwanza ni mia moja arobaini na wanane.
Madawati thelathini na moja.
Gawanya mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu."
Nagawanya. Wanne na ushei kwa dawati.
"Basi huyo ushei," anasema, "ndiye anayeandikia magotini."
Rimu ya lori inagongwa. Zamu ya asubuhi inatoka,
ya mchana inaingia.
Benchi halipati nafasi ya kupoa.

Kwenye ramani kuna kipande cha kijani,
kimeandikwa SHULE kwa herufi kubwa.
Nimekwenda kukitafuta kwa miguu.
Nimekuta mashine ya kufyatulia tofali, inatetemesha ardhi,
na kijana mwenye saruji hadi kwenye kope.
"Hapa tumekodishiwa," anasema. "Shule itajengwa watoto wakiwapo."
Watoto watakuwapo nyumba zikiwapo,
nyumba zitakuwapo tofali zikiwapo,
na tofali zinaanikwa juu ya shule.

Kiwanja namba 217 ni pagale.
Bi Esha Nangumbi analipwa elfu thelathini kwa mwezi
kulinda madirisha ambayo hayajawekwa.
Sare nne zimetundikwa kwenye nondo za linta,
chungu cha ming'oko kinachemka palipochorwa sebule.
Fomu inauliza: Nyumba imekamilika?
Hapana.
Hapana, mara mbili nukta tatu, ni sifuri.
Sifuri wa pili kwa kuzaliwa anaitwa Somoe.
Ananichungulia mkononi.
"Unahesabu tofali? Ukuta huu ni mia nne na kumi.
Nilizihesabu siku ile zamu yetu ilikosa mwalimu."
Nimezihesabu baada yake, kwa ubishi tu.
Mia nne na kumi.

Ofisini Ligula, mkuu wangu, Bwana Chilewa,
anapenda namba nzima.
"Nukta tatu haifiki nusu. Ishushe."
Mia sita arobaini mara mbili:
elfu moja mia mbili themanini.
Mara mbili nukta tatu:
elfu moja mia nne sabini na mbili.
Watoto mia moja tisini na wawili
wametoweka mezani kabla chai haijapoa,
na hapo Somoe bado hajaingia kwenye hesabu,
wala ndugu zake, wala moshi wa mapagale mengine
niliouona jioni nikirudi, nikauacha
kwa sababu buti zilikuwa zinauma.

Nimeiacha nukta ilipo.
Pembeni, chini ya bei ya korosho, nimeongeza:
217, si nyumba, watoto wanne.
Kesho nitarudi na ndala, nihesabu moshi.
Penseli hufutika, najua.
Nimeikandamiza
mpaka karatasi ya chini imepata alama.